Sakoshi Yako Iko kwa Sifa

Mama,

Miaka yote niliyokufuata na mzigo begani sikuwahi kukuita hivyo. Nilikuita Mama Sifa, kama Baraka nzima ilivyokuita. Kila asubuhi nilipofungua mlango wa studio na kusema, "Mama Sifa, umeamuka aje?" nilikuwa nalitaja jina la mtu ambaye hakuwepo. Sifa alikuwa Bukavu, anasoma. Mimi nilikuwa hapa nafagia, nachaji batri, nakata picha za kitambulisho kwa mkasi. Lakini wewe ulikuwa mama wa Sifa. Hakuna aliyekuita Mama Faida. Leo huwezi kunisahihisha, kwa hiyo nakuita Mama, hata kama naona haya kidogo kuliandika.

Nianze na habari, maana ulipenda habari kwanza, huzuni baadaye.

Mvua zimekuwa nyingi. Barabara ya Mboko imeharibika tena, na bamotari wanapitisha pikipiki zao kwenye mashamba ya mihogo ya watu huku wanatukanwa. Yule jirani wa kuuza mikate amejifungua mtoto wa kike na kumpa jina lako. Nilimpiga picha siku ya ubatizo, akalia mpaka mwisho. Ukuta wa nyuma wa studio, ule tuliopaka buluu mimi na wewe tukabaki na buluu kwenye kucha wiki nzima, Sifa ameupaka nyeupe. Wateja wanaupenda. Mimi siupendi, na sijamwambia.

Sasa nikueleze la sakoshi, kwa sababu ndilo limenikalisha hapa na kalamu.

Siku ya kumaliza kilio, kaka yako mkubwa alisimama mbele ya watu akagawa vitu vyako. Hakukosea, niseme hivyo mapema. Mtoto ni mtoto. Studio kwa Sifa, apareyi kubwa ya kupigia picha kwa Sifa, vitenge kwa dada zako. Halafu akainua sakoshi, ile ya turubai ya kahawia ya kubebea vyombo vya picha, uliyonunua Uvira, akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua kuku sokoni, akasema, "Na hii ni ya Sifa, juu itafuatana na apareyi yake." Sifa akainuka, akaipokea kwa mikono miwili, akaivaa palepale. Akaivaa bega la kulia. Mama, sisi tuliivaa bega la kushoto, ili mkono wa kulia uwe huru.

Niliangalia chini. Ile apareyi ndogo ya zamani ulishanipa mwenyewe kabla hujalazwa, nikashukuru, na bado nashukuru. Lakini kama ningeulizwa, ningechagua sakoshi. Wewe ulivaa apareyi shingoni. Sakoshi ilikuwa kazi yangu. Niliipandisha Fizi na kuishusha, nikaivusha ziwani, nikaishika nyuma ya motari, kwenye moto yake, chini ya mvua, nikaifunika kwa kitenge changu nikabaki nimelowa mimi. Zile sponji za ndani zinazotenganisha lenzi na flashi nilizikata kwa wembe kutoka kwenye godoro langu. Nililala na shimo upande wa miguu muda mrefu, na hukujua, kwa sababu nilikudanganya kwamba sponji nilipewa na fundi wa viti. Leo lenzi za Sifa zinalala kwenye godoro langu.

Ndiyo, ni wivu. Sitafuti jina lingine.

Ungekuwa mzigo mdogo kama Sifa angekuwa hajui kazi. Anajua. Alifika na mambo ya shule, lakini chini ya shule kuna kitu ambacho hakufundishwa. Akipiga picha, anatanguliza mguu wa kushoto na kukunja goti kidogo, kama wewe. Mimi nilijifunza kusimama hivyo kwa kukutazama, mwaka hadi mwaka. Yeye hakukutazama, alikuwa Bukavu. Watu wakimwona wanasema, "Damu hiyo." Wakiniona mimi wanasema, "Faida anaigiza marehemu." Mguu ni uleule, Mama.

Basi nikabaki na apareyi na lenzi mbili, flashi, batri, na hakuna pa kuziweka. Mwanzoni nilitumia mkoba wa shule wa mdogo wangu. Nikapanda nao Fizi kwa moto, kwenye arusi ya mwalimu mmoja, na kila tuliporuka jiwe nilisikia lenzi zinagongana mgongoni mwangu. Ule mkoba wa mgongoni una ubaya mwingine: ukitaka kitu lazima uuvue, uuweke chini, uchutame kwenye tope huku bibi arusi anapita. Nilikosa picha ya pete. Mwalimu alikuwa mpole, akasema haidhuru. Niliporudi nilijua nahitaji sakoshi ya begani, na nilijua ni ipi.

Nilizunguka soko lote la Baraka nikiwaambia wauzaji neno moja: "Natafuta ingine kama ya Mama Sifa." Wengine walinionyesha za wanafunzi, wengine za bamama wa kwenda kanisani. Kijana wa duka la simu alinitolea sakoshi ya kweli ya fotografe, nyeusi, yenye vyumba vilivyoshonwa, mpya, nzuri kupita yako. Niliivaa nikajitazama kwenye kioo cha duka. Nilifanana na watu wanaokuja na magari ya miradi. Nilijiona nimesimama mlangoni mwa kanisa, Sifa na ya kahawia yako, mimi na nyeusi hii, na watu wanaulizana nani sasa ni mkubwa. Nilitamani sana. Kisha nikaifungua. Ilifungwa kwa kile kitambaa cha kunatana, na ilipoachana ilipiga kelele kama mtu anayepasua shuka. Ukanijia na maneno yako ya siku ile misa ilipokuwa kimya na mimi nikahangaika na zipu mbovu: "Sakoshi ya kazi inafunguka kama mudomo ya mutu anacheka, lakini bila sauti." Na tena, nani asiyejua kilichomo kwenye mfuko kama ule? Kwenye kila bariyeri ya barabarani askari wangetaka ufunguliwe. Ulisema mfuko mzuri ni ule ambao mwizi akiuona anafikiri una majani ya sombe ya kupika.

Nikaurudisha. Kijana akakasirika.

Aliyenisaidia ni Mama Apendeki wa mitumba, yule uliyempiga picha na wajukuu wake wote wamevaa sare. Nilipomwambia neno langu, aliacha kukunja nguo akaniangalia. "Faida," akasema, "we unatafuta sakoshi, ao unatafuta mwenye sakoshi?"

Alivuta marobota mawili, akachimba, akatoa mfuko wa rangi ya majivu, mpana, mkanda wake mnene kama kiganja. "Hii mi nilikuwa nachungia binti yangu. Angalia ndani."

Mama, ni mfuko wa mama mwenye mtoto mchanga. Wazungu wanabebea humo nepi na chupa za maziwa. Ndani umetandikwa plastiki laini ambayo maji hayapiti. Pembeni kuna mifuko ya chupa yenye kitambaa kinene cha kutunza joto, na lenzi yangu ndefu iliingia humo kama imepimiwa. Zipu yake ni pana na haina sauti. Una mdomo mpana ambao mkono mmoja unaufungua huku mwingine umeshika apareyi. Kuna hata kile kipande cha plastiki cha kumlazia mtoto, kinakunjwa mara tatu. Niliujaza vitu vyangu palepale, nikauvaa bega la kushoto, nikaruka-ruka mbele ya meza ya mitumba kama mwenda wazimu. Hakuna kilichogonga. Mama Apendeki alicheka hadi akakaa.

Ulinichagulia wewe au nimechagua mimi, sijui. Ila wakati wa kurudi, kila niliyekutana naye aliuliza, "Faida, umezaa?" Unajua jinsi swali hilo linavyonikaa. Nilijibu, "Bado," nikatembea. Nyumbani niliukasirikia. Ulikuwa mfuko bora kwa kazi yangu kuliko wako, na niliukasirikia kwa sababu haukuwa wako.

Sasa Lweba.

Kulikuwa na arusi kijijini huko, ya watu wa maboti. Upande wa bibi arusi waliniita mimi; upande wa bwana arusi wakamwita Sifa. Hawakuulizana. Mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo tulikwenda kwa boti, na nilipofika ufukweni nikamkuta amesimama na gauni zuri, sakoshi yako begani. Bega la kulia. Tulisalimiana. Ananiita yaya, kama inavyompasa mdogo kumwita dada yake mkubwa, na kila akiniita hivyo natafuta dharau ndani yake na siipati.

Tulikaa benchi moja. Upepo ulikuwa umeanza, ziwa linapanda na kushuka. Mwenye boti akasema mizigo iwekwe chini ili boti litulie. Sifa akavua sakoshi akaiweka chini, kwenye mbao, kati ya miguu yake. Mimi niliupakata wangu kama kweli una mtoto. Nilimwona anaiweka. Nilifungua mdomo, nikaufunga, maana nilijiambia: ni yake, aiweke anapotaka. Hapo hapo wimbi la kwanza likaingia, la pili likafuata, na maji ya chini ya boti yakakimbilia upande wetu yakiwa na mafuta ya injini na magamba ya samaki.

Sikufikiri. Niliinama nikaivuta kutoka majini, nikaivaa juu ya wangu. Na bega, Mama. Bega liliijua. Mkanda ulikaa kwenye ile alama ambayo mkanda wenyewe ulinichora. Nilikaa hivyo hadi Lweba, na mifuko miwili, nimelowa, na Sifa ananiangalia. Hakuiomba. Mimi sikuirudisha mpaka tuliposhuka.

Apareyi kubwa ilikuwa imekunywa maji. Tulipofika kwenye veranda ya nyumba ya arusi, Sifa aliibonyeza na kuibonyeza, haikuwaka. Nikamwambia aache kubonyeza, atoe batri. Nilitandika kile kipande cha plastiki cha mtoto kwenye jua, nikapanga juu yake apareyi, lenzi, kadi, kila kitu kikiwa wazi. Kadi ilimwanguka mara mbili. Mimi sikuangusha kitu, na nitakueleza kwa nini: moyoni nilikuwa nahesabu ushindi. Lweba nzima leo ingekuwa na fotografe mmoja.

Mama wa bwana arusi akatoka. Alipoona vitu vimeanikwa kama samaki wa ndagala, akaweka mikono kiunoni. "Mutoto," akamwambia Sifa mbele ya watu wote, "mama yako hangefanya hivi. Yeye alikuwa anachunga kazi yake."

Maneno hayo nilikuwa nayangoja tangu siku ya kumaliza kilio. Nilikuwa nimeyatunga kichwani mara nyingi, kwa sauti za watu mbalimbali. Sasa yamesemwa, na nilipogeuka nifaidi aibu ya Sifa, alikuwa ameinamisha kichwa. Akiinama, mdomo wake unakaa kama wako ulivyokaa pale hospitalini ulipokuwa hutaki nione maumivu. Nikajisikia vibaya kabisa. Walikuwa wamekuchukua wewe wakamchapa nawe mtoto wako.

Nikamwambia yule mama wa bwana arusi, "Mama, tuko wawili na apareyi iko moja. Picha zenu zitatoka zote."

Ndivyo tulivyofanya. Kanisani nilipiga mimi, yeye akanishikia flashi na mfuko. Alikuwa ananipa lenzi kabla sijaiomba. Kwenye karamu nikamwachia apareyi, nikashika mfuko mimi. Na hapa wivu ulirudi na kukaa vizuri kwenye kiti chake. Bibi wa bibi arusi, kikongwe asiyeona vizuri, nilikuwa nimempiga asubuhi mara nyingi, na kila picha alikuwa amefunga macho au amegeukia sauti. Sifa alikaa chini, kwenye udongo, na lile gauni. Akamsemesha Kibembe, taratibu, sikusikia nini. Kikongwe akamgeukia, akafungua macho, akacheka bila jino hata moja. Picha ile ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ilipigwa na apareyi yangu. Nimeichapa kubwa, nimeitundika kwenye ule ukuta mweupe, na kila nikipita naitazama na inaniuma.

Mchana ulipolegea tulisubiri boti ufukweni, kando ya vichanja vya kukaushia ndagala. Walitupa ugali na samaki wa mikeke wa kuchoma kwenye sahani moja, tukala kwa mikono. Kisha Sifa akavuta sakoshi yako, ikiwa bado na unyevu, akaifungua, akaingiza uso wake wote ndani. Nilidhani anaangalia kama imekauka.

"Yaya Faida," akasema, na sauti yake ilitoka humo ndani. "Unajua siku balinipatia hii, nilienda kujifungia chumbani. Nilikuwa natafuta harufu ya mama."

Nilisogea karibu yake.

"Haiko. Nilinusa yote. Iko harufu yako. Mafuta ya mise."

Mama, yale mafuta ya kokwa za mawese ninayojipaka tangu utoto, uliyokuwa unanicheka nayo ukisema nanuka kama jikoni. Yameingia kwenye turubai, kwenye mkanda, kwenye sponji. Miaka yote begani mwangu.

Akatoa uso. Hakuwa analia. "Mi nilikuwa na mama likizo tu. Pasaka, na Noeli kama barabara iko muzuri. Akinipigia simu alikuwa anasema, tulienda Mboko na Faida, tulilala Fizi na Faida, Faida amesema hivi. Kila siku Faida. Mi nilikuwa nakuchukia, yaya. Juu ya nini nikufiche."

Nilikuwa nimejibeba kwa muda mrefu kama mwenye njaa, na kumbe kuna mtu alikuwa amesimama nje ya dirisha ananitazama nikila. Na nikuambie ukweli wote: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa furaha. Kwamba ulinitaja. Kwamba ulinitaja hadi mtoto wako akachoka.

Huruma ilikuja baadaye kidogo, lakini ilikuja.

Halafu akauliza: "Njiani alikuwa anasema nini? Kwenye moto, kwenye boti. Mama alikuwa anazungumuza nini na we?"

Hapo nilishika mchanga. Kwa sababu kaka yako aligawa kila kitu, lakini hicho hakukijua, hakukigusa. Njia zote zile na maneno yako yote ya njiani ni mali yangu peke yangu, na sasa mwenye studio, mwenye apareyi kubwa, mwenye goti lako na mdomo wako, alikuwa ananiomba na hicho pia. Nilitaka kusema sikumbuki. Boti lilikuwa linakuja, ningeweza kuinuka tu.

Nikampa moja. Nilimweleza siku ile Mboko, wale wavuvi walipokataa kupigwa picha bila viatu, ukawakusanyia viatu kijiji kizima, na mmoja akavaa vya kike ukamwambia asimame nyuma ya ndoo. Na jinsi ulivyocheka njia nzima ya kurudi, hadi motari akasimamisha akidhani unaumwa. Sifa alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Kwenye boti alivaa sakoshi mwenyewe, bega la kushoto. Sikumwambia. Aliona tu mkono wa kulia unavyohitajika kujishika.

Apareyi kubwa imefufuka. Ilikaa ikianikwa siku kadhaa, siku moja ikawaka yenyewe kama haikutokea kitu. Jumamosi tunapanda Fizi wote wawili, kuna komunyo ya kwanza ya watoto wengi. Yeye na yako ya kahawia, mimi na wangu wa mtoto. Wataniuliza tena kama nimezaa. Nitajibu bado.

Naishia hapa, maana karatasi inakwisha na mteja amekaa kwenye kiti chako. Pumzika, Mama. Usihangaike na sisi. Tunagombana kidogo, tunakula pamoja.

Ahadi yangu ni hii. Wivu siahidi kuuacha, ningekudanganya. Naahidi kumpa Sifa njia zetu zote, moja moja, kila safari hadithi yake, mpaka amekupata kama nilivyokupata mimi. Zote nitampa. Isipokuwa ile ya mlima wa Fizi, moto ilipoharibika na tukashuka kwa miguu kwenye ukungu, ukanishika mkono mahali penye utelezi, na tulipovuka hukuuachia, ukasema polepole bila kunitazama, "We ni wangu."

Hiyo sitampa.

Faida